Mahindi yamejaa ghalani, kwa nini watoto wa Iringa na Njombe wanadumaa?

Kila takwimu za lishe zinapotoka, Nyanda za Juu Kusini hutajwa mwanzoni, tena kwa sifa mbaya. Utafiti wa kitaifa wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 56.9 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa wamedumaa. Njombe ni asilimia 50.4 na Rukwa 49.8. Wastani wa nchi nzima ni asilimia 30. Hii ni mikoa ile ile ambayo malori yake ya mahindi, maharage, viazi na parachichi yanapita Makambako usiku na mchana kwenda kulisha miji ya wenzetu.

Kinachoniumiza zaidi ni mwelekeo wa namba hizo. Kitaifa udumavu umeshuka kutoka asilimia 34 mwaka 2015/16 hadi 30. Iringa imepanda: 42 mwaka 2015/16, 47 mwaka 2018, na 57 mwaka 2022. Ni kweli kwamba idadi ya watoto wanaopimwa katika mkoa mmoja huwa ndogo, kwa hiyo namba inaweza kucheza pointi kadhaa juu au chini. Lakini kupanda mara mbili mfululizo si jambo la kulipuuza.

Maelezo ya mtaani yapo mengi. Wapo wanaosema kina mama hawajui lishe. Wengine wanasema ni ulanzi, pombe ya mianzi. Wengine wanasema baba anauza kila kitu na kubakiza mahindi matupu. Wengine wanamaliza kwa kusema watu wa huku ni wafupi kwa asili, basi. Karibu kila maelezo yana mtu wa kulaumiwa, na mara nyingi mtu huyo ni mama. Miaka kumi hivi iliyopita imeleta tafiti kubwa zinazolazimisha tuanze upya kulifikiria jambo hili, na nadhani zinamtendea mama haki zaidi kuliko mahubiri yetu ya kliniki.

Udumavu hupimwa kwa urefu kulingana na umri. Kinachohesabika ni umbali wa mtoto kutoka katikati ya viwango vya Shirika la Afya Duniani (WHO), na akishuka chini ya kipimo fulani cha kitakwimu anahesabiwa kuwa amedumaa. Viwango hivyo vilitolewa mwaka 2006 baada ya kufuatilia watoto wapatao 8,500 wa Brazili, Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani, waliolelewa katika mazingira mazuri, wakanyonya maziwa ya mama, na mama zao hawakuvuta sigara. Matokeo yake yanajibu moja kwa moja hoja ya ufupi wa asili. Walipochunguza kwa nini watoto wadogo wale walitofautiana urefu, tofauti kati ya nchi na nchi ilichangia kama asilimia 3 tu. Sehemu kubwa, kama asilimia 70, ilikuwa tofauti ya kawaida kati ya mtoto na mtoto wa mahali pamoja. Mtoto wa Accra aliyetunzwa vizuri alikua karibu sawa na mtoto wa Oslo. Mhehe, Mbena na Mkinga hawana mfupa wa aina yao.

Nenda siku ya kliniki katika zahanati yoyote ya kijijini uone vipimo vinavyofanyika. Mama anamvua mtoto nguo, anamtumbukiza kwenye mfuko wa mzani unaoning'inia, muuguzi anasoma kilo, anaweka nukta kwenye kadi. Kazi ya nusu dakika. Urefu una kazi zaidi: mtoto mdogo analazwa kwenye ubao, mtu mmoja anashika kichwa kikae sawa, mwingine ananyoosha magoti huku mtoto analia, kibao cha miguuni kinasogezwa, kisha ndipo namba inasomwa. Siku yenye watoto themanini kwenye foleni, ni rahisi kuona ni kipimo gani kitarukwa. Na mtoto aliyedumaa anaweza kuwa na uzito unaolingana vizuri na urefu wake. Amenona mashavu, anacheza, hana dalili ya njaa. Kwa jicho la jirani yupo sawa kabisa, ila ana miaka mitatu na kimo cha mtoto wa miaka miwili.

Jambo la kwanza ambalo utafiti mpya umebadilisha ni muda. Tulizoea kufundishwa kwamba hatari huanza miezi sita, mtoto anapoanzishiwa chakula. Septemba 2023 jarida la Nature lilichapisha uchambuzi uliounganisha tafiti 32 zilizofuatilia watoto 52,640 wa nchi za kipato cha chini na cha kati tangu kuzaliwa hadi miaka miwili. Kipindi ambacho watoto wengi zaidi walianza kudumaa kilikuwa kati ya kuzaliwa na miezi mitatu. Mtoto hajaonja hata kijiko cha uji. Waliojinasua walikuwa wachache, na wengi kati ya hao walirudi tena chini baadaye, hasa wale waliozaliwa wakiwa tayari wafupi. Makala iliyoambatana nayo ilionyesha kwamba kimo na uzito wa mama mwenyewe, pamoja na ukubwa wa mtoto siku ya kuzaliwa, ni miongoni mwa mambo yaliyohusiana sana na udumavu.

Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya kisa hiki imeshaandikwa kabla mtoto hajapewa kadi ya kliniki. Kondo la nyuma la mama mwenye upungufu wa damu, au aliyeugua malaria akiwa mjamzito, au anayelima kutwa kwa mlo mmoja wa ugali na mboga, halipitishi vya kutosha. Pombe nayo ina sehemu yake. Ulanzi, komoni, bia, vyote vinamfikia mtoto tumboni, na hilo halina mjadala. Lakini ulanzi ni wa msimu, na hauwezi peke yake kueleza hali ya nusu ya watoto wa mkoa.

Hapa Tanzania tulikuwa na ushahidi wa upande huu mapema. Mwaka 2007 jarida la tiba la New England lilichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika Dar es Salaam kwa wajawazito 8,468 wasio na VVU. Nusu walipewa vidonge vyenye mkusanyiko wa vitamini, nusu vidonge visivyo na dawa, na wote walipata madini ya chuma na foliki asidi kama kawaida. Watoto waliozaliwa na uzito pungufu walikuwa asilimia 9.4 kwa wasiopewa vitamini na 7.8 kwa waliopewa. Tofauti inaonekana ndogo ukiisoma haraka. Ukiizidisha kwa vizazi vyote vya mwaka mmoja ni maelfu ya watoto. Mwaka 2021 WHO iliviingiza vidonge vya mchanganyiko wa vitamini na madini kwa wajawazito kwenye orodha yake ya dawa muhimu.

VVU navyo haviwezi kuachwa nje ya mazungumzo ya mikoa hii. Njombe ndiyo inayoongoza nchini kwa asilimia 12.7 ya watu wazima na Iringa inafuata kwa 11.1, kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa 2022/23. Dawa zinawalinda watoto wengi wasiambukizwe, na hayo ni mafanikio makubwa. Ila tafiti za Zimbabwe na kwingineko zimeonyesha kuwa hata mtoto aliyezaliwa bila maambukizi, kama mama anaishi na VVU, huwa katika hatari zaidi ya kudumaa. Ni mtoto wa kufuatiliwa kwa karibu zaidi.

Sasa tuingie kwenye bakuli la uji, maana hapa hesabu inasema mengi kuliko lawama.

Chukua mtoto wa miezi kumi mwenye kilo nane. Kwa makadirio ya WHO, akinyonya kama kawaida, bado anahitaji kama kilokalori 300 kwa siku kutoka kwenye chakula. Tumbo lake linabeba kama mililita 30 kwa kila kilo ya mwili, yaani mililita 240 kwa mlo mmoja. Uji mwepesi wa kunywa kwenye kikombe una kama gramu 8 za unga kwa kila mililita 100 za maji. Kikombe cha mililita 200 basi kina gramu 16 za unga, ambazo ni kilokalori 60 hivi. Ili afikishe 300 anywe vikombe vitano kila siku, na kila kikombe kinakaribia kulijaza tumbo. Mama akimpa viwili au vitatu, mtoto analala ameshiba. Halii. Hakuna mtu nyumbani anayeona njaa, kwa sababu mtoto kweli ameshiba, ameshiba maji.

Kuongeza unga kunaufanya uji uwe mzito na mtoto anautema. Jibu la tatizo hili liliandikwa na watafiti wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania mwaka 1983, na linatumia kimea. Ulezi au mtama ukiloweshwa, ukaota, ukaanikwa na kusagwa, unakuwa na vimeng'enya vinavyokatakata wanga. Kijiko kidogo cha kimea kikitiwa kwenye uji mzito ambao bado una joto, uji unalainika ndani ya dakika chache bila kuongezwa maji, halafu unarudishwa jikoni uchemke. Kikombe kile kile sasa kinabeba unga mara mbili au zaidi. Bibi yeyote wa Njombe aliyewahi kupika pombe anajua kutengeneza kimea. Kijiko kikubwa cha karanga zilizosagwa, kama gramu 15, kinaongeza kilokalori 90 kwa mkupuo. Huwa nasikitika ninapoona mafunzo ya lishe yanahimiza unga wa pakiti wa bei juu huku mambo haya mawili yakipita bila kutajwa.

Nguvu peke yake haitoshi, na hapa ndipo biolojia ya karibuni inapovutia. Mfupa mrefu hukua kwenye ncha zake, palipo na tabaka jembamba la gegedu. Seli za hapo hugawanyika, hujipanga safu, huvimba, kisha mfupa huchukua nafasi yao. Ndani ya seli kuna mfumo wa protini unaoitwa mTORC1 ambao hupima kama asidi amino, yaani vipande vinavyojenga protini, zipo za kutosha kabla ya kuruhusu ujenzi. Zikipungua, ujenzi unasimamishwa. Mwaka 2016 timu iliyoongozwa na Richard Semba wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins ilipima damu ya watoto 313 wa vijijini Malawi, majirani zetu wa ng'ambo ya mto Songwe wanaokula mahindi kama sisi. Watoto waliodumaa walikuwa na kiwango cha chini cha asidi amino zote tisa ambazo mwili hauwezi kujitengenezea.

Mahindi yana protini, lakini ni duni katika laisini na triptofani, mbili kati ya asidi amino hizo tisa. Mtu mzima anayekula ugali mwingi na maharage hafikii kulitambua hilo, kwa sababu maharage yana laisini tele na yanaziba pengo. Kande ni chakula kilichokamilika kuliko tunavyokisifia. Mtoto wa miezi minane hawezi kutafuna kande, na kwenye nyumba nyingi anachopewa ni mchuzi wa maharage juu ya ugali laini. Maharage yenyewe yanabaki kwenye sahani za wakubwa. Yakipondwa na kuchujwa maganda, yangekuwa yake. Wataalamu wa mbegu nao walilishughulikia tatizo kutoka upande wao: yapo mahindi yenye laisini na triptofani nyingi zaidi, na nchini mwetu aina za Lishe K1, Lishe H1 na Lishe H2 zilitolewa miaka mingi iliyopita. Wakulima wengi hawajawahi kuzisikia.

Je, yai? Mwaka 2017 jaribio la Ekwado lilishangaza wengi. Watoto 163 wa kuanzia miezi sita hadi tisa waligawanywa, kundi moja likapewa yai moja kila siku kwa miezi sita, na udumavu ukapungua kwa karibu nusu. Jaribio kama hilo likarudiwa Malawi, wilayani Mangochi, kwa watoto 660. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 hayakuonyesha ongezeko la urefu kwa jumla. Watu wa Mangochi wanaishi kando ya ziwa, na watoto wengi wa kundi lisilopewa mayai walikuwa tayari wanakula samaki. Yai halikuwa na pengo kubwa la kuziba. Mimi nazisoma tafiti hizi mbili hivi: yai moja lililofaa Ekwado linaweza kufaa sana Ludewa milimani na lisibadilishe kitu kando ya Ziwa Nyasa, ndani ya wilaya hiyo hiyo. Anayetaka ushauri mmoja wa nchi nzima atakwama.

Halafu kuna vyoo. Kwa miaka mingi tuliamini kwamba choo bora, maji safi na kunawa mikono vingerefusha watoto, kwa sababu mtoto anayeharisha hakui. Majaribio matatu makubwa yalipima imani hiyo: Bangladesh na Kenya, matokeo mwaka 2018, na Zimbabwe mwaka 2019. Yalijenga vyoo, yakatoa sabuni na dawa ya kutibu maji, yakafundisha. Urefu wa watoto haukubadilika. Waliorefuka kidogo ni wale waliopewa chakula cha nyongeza. Zimbabwe udumavu ulishuka kutoka asilimia 35 hadi 27 kwa watoto waliopata chakula hicho pamoja na mafunzo ya ulishaji kwa mama zao. Matokeo hayo yaliwashtua wataalamu wengi, maana walikuwa wametegemea mengine.

Choo kinabaki na umuhimu wake. Kinazuia kipindupindu, kinalinda heshima, na Bangladesh kuhara kulipungua kweli. Maelezo yanayonishawishi ni kwamba choo cha shimo na kibuyu chirizi cha kunawia mikono havijatosha kulizuia lile tope la vimelea ambalo mtoto anayetambaa anaishi nalo. Watafiti waliokaa na kuangalia watoto wachanga kwenye nyumba za vijijini Zimbabwe saa baada ya saa waliwaona wakiweka mdomoni udongo na kinyesi cha kuku. Uwanja wa nyumba nyingi za Kilolo hauna tofauti. Mtoto hahitaji kuharisha ili aathirike. Utumbo wake unabaki umechubuka kidogo wakati wote, unanyonya virutubisho vibaya, unavujisha, na kinga ya mwili inafanya kazi bila kupumzika. Kinga ikiwa hivyo, homoni ya ukuaji inayoitwa IGF-1 inashuka. Watoto wa Zimbabwe waliodumaa walionekana na hali hiyo tangu wakiwa na wiki sita.

Utafiti wa Taasisi ya Pasteur uliochapishwa mwaka 2018 ulikwenda ndani zaidi. Watafiti walichukua majimaji ya tumboni na ya utumbo mwembamba kwa watoto waliodumaa wa Bangui (Jamhuri ya Afrika ya Kati) na Antananarivo (Madagaska), wenye umri wa miaka miwili hadi mitano. Walikuta bakteria wa mdomoni na kooni wamehamia na kuzaliana mahali ambapo kwa kawaida ni wachache. Na huko Dhaka, timu ya Tahmeed Ahmed ikishirikiana na Jeffrey Gordon wa Marekani ilitengeneza chakula cha unga wa dengu, soya, karanga na ndizi mbichi, kwa lengo la kulisha bakteria wazuri wa utumbo wa mtoto. Mwaka 2021 walitangaza kwamba watoto waliokula chakula hicho kwa miezi mitatu walinenepa haraka kuliko waliopewa chakula cha kawaida cha nyongeza, ingawa kilikuwa na nguvu pungufu. Kilichopanda ni uzito, na urefu ni safari ndefu zaidi. Hata hivyo orodha ile ya viungo inanipa matumaini, maana soya, karanga na ndizi mbichi zipo Rungwe na Mbozi.

Kuna jambo moja ambalo lina mizizi huku kwetu kabisa, nalo ni sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye nafaka. Wengi wanaijua aflatoksini, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Fangasi wake wanapenda joto na ukame. Ubaridi na unyevu wetu unawafaa zaidi fangasi wengine, jamii ya Fusarium, ambao hutengeneza fumonisini. Sumu hiyo ilitambuliwa Afrika Kusini mwaka 1988. Inavuruga utengenezaji wa aina fulani ya mafuta kwenye kuta za seli, zikiwemo za utumbo, na haiui mtu jioni moja, kwa hiyo haiwi habari. Utafiti uliofanyika Rombo, ukachapishwa mwaka 2010, ulikuta watoto waliokuwa wakila fumonisini kupita kikomo cha kimataifa walikuwa wafupi kwa sentimita 1.3 na wepesi kwa gramu 328 walipofika mwaka mmoja. Mwaka 2015 ukafuata mwingine uliochukua watoto 166 wa vijiji vitatu, kimojawapo kikiwa Nyabula mkoani Iringa, na kupima sumu kwenye mkojo na damu yao. Fumonisini ilivyokuwa nyingi ndivyo mtoto alivyokuwa mfupi. Kwa aflatoksini uhusiano haukuwa wazi.

Huo ni uhusiano, bado haujawa uthibitisho wa chanzo. Jaribio la Kenya lililowabadilishia watu mahindi yenye aflatoksini kwa mahindi safi lilionyesha nafuu ndogo ya urefu katikati ya safari, kisha nafuu ikapotea mwishoni. Lakini kwa hatua zilivyo rahisi, sioni sababu ya kungoja. Mimina mahindi kwenye ungo uyaangalie. Punje yenye ukungu mweupe au wa waridi, iliyotobolewa na wadudu, au yenye mistari myeupe inayotawanyika kama miale kutoka nchani, ondoa. Yaliyobaki yaoshe, na yanayoelea yaondoe pia. Swali gumu ni yanakokwenda yale mabovu. Mara nyingi yanakwenda kwenye pombe, na fumonisini haiharibiki kwa kuchemshwa, inaingia kwenye kinywaji. Mjamzito akinywa, mzunguko unaanza upya.

Hapa pia ushauri wa dona, unga wa mahindi yasiyokobolewa, unahitaji kurekebishwa. Dona ina madini na vitamini zaidi ya sembe, na nimesikia wahudumu wakiihimiza kwa nguvu. Sumu hii hukaa zaidi kwenye ganda na kiini cha punje, sehemu ambazo kukoboa kunaziondoa. Dona ya mahindi yaliyochambuliwa ni chakula bora. Dona ya mahindi yaliyosimama shambani hadi mvua ikayakuta, kwa mtoto mdogo, afadhali sembe.

Urefu kutoka usawa wa bahari nao umechunguzwa. Mwaka 2020 Kaleab Baye wa Chuo Kikuu cha Addis Ababa na mwenzake walichambua vipimo vya watoto karibu milioni moja wa nchi 59, wakaona wanaoishi juu ya mita 1,500 wana urefu pungufu kidogo hata nyumbani mambo yakiwa mazuri. Njombe na Makete ziko juu sana, kwa hiyo huenda inachangia. Lakini Mbeya mjini ni kama mita 1,700, juu kuliko Iringa mjini, na udumavu mkoani Mbeya ni asilimia 31.5. Mlima hauwezi kubeba lawama yote.

Ukikusanya haya yote unaona kwa nini suluhisho moja halijawahi kutosha. Mwaka 2013 jarida la Lancet lilikadiria kwamba hatua kumi bora za lishe, zikiwafikia asilimia 90 ya wanaozihitaji, zingepunguza udumavu kwa kama asilimia 20. Hiyo ni moja ya tano, ukifanya kila kitu vizuri. Wataalamu kadhaa wameanza pia kukumbusha kwamba ufupi ni alama ya mazingira mabaya, wala haupaswi kuhesabiwa kama ndio ugonjwa wenyewe. Zimbabwe, chakula cha nyongeza kiliongeza pia damu ya watoto. Tafiti zilizojumlishwa kuhusu nyongeza za aina hiyo zimeonyesha vifo vinapungua. Halmashauri inayotazama sentimita peke yake inaweza kuufuta mpango ambao ulikuwa unaokoa maisha.

Wenye umri wanakumbuka kwamba Iringa ilishawahi kuifundisha dunia. Mwaka 1983 mpango wa lishe wa serikali, UNICEF na WHO ulianza katika vijiji 168 vya mkoa huo, wakati Njombe ikiwa bado ndani yake. Kijiji kilipima watoto wake, kikakaa kujadili sababu, kikaamua la kufanya, kisha kikapima tena. Utapiamlo mkali ulishuka kutoka kama asilimia 6 hadi 2 ndani ya miaka michache. Mchoro wa sababu za utapiamlo ambao UNICEF imeutumia duniani tangu 1990, wenye chakula, magonjwa na malezi bega kwa bega, ulitokana kwa sehemu kubwa na kazi ile. Kipimo chao kilikuwa uzito. Urefu haukuwa kwenye hesabu, na mahindi mengi na kliniki nyingi vilivyofuata havikuugusa.

Tangu Septemba 2022 wakuu wa mikoa wote wamesaini mkataba wa lishe na Rais Samia unaokwenda hadi 2030, na kila halmashauri inatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kwa mwaka. Fedha hizo ni kidogo, na nyingi huishia kwenye semina za kumweleza mama makundi ya chakula anayoyajua tayari. Ningependa zianzie kwa mjamzito, vidonge na chakula, na kwenye ubao wa kupima urefu unaotumika kila mwezi. Na ningependa ziende kwenye kitu ambacho vijiji vya Iringa vilikuwa nacho enzi za mpango ule, vituo vya kulishia watoto. Mtoto wa miezi kumi anatakiwa ale mara tatu hadi nne kwa siku. Msimu wa palizi mama anatoka alfajiri na kurudi jioni, na mtoto anabaki na dada yake wa miaka saba na kikombe cha uji uliopoa. Mama huyo anajua maharage yana faida. Yapo ndani, kwenye gunia. Kinachokosekana ni mtu mzima wa kuyapika, kuyaponda na kumlisha mtoto saa nne asubuhi, na shilingi elfu moja za watoto wa kijiji kizima zinatosha kuanza kumlipa mtu huyo walau kwa miezi ya palizi.